Kabla ya Mizani

Gari la pwani hufa kuanzia chini. Juu rangi bado inang'aa, milango inafunga, injini ikipigwa stata inaitika mara moja, lakini ukilala chali chini yake na tochi utaikuta chesisi imeachana tabaka kwa tabaka kama chapati ya kusukuma, na ukiigusa kwa bisibisi inamwagika. Hiyo ni kazi ya chumvi. Kutoka Likoni hadi Lunga Lunga barabara yetu inaandamana na bahari, na kusi ikivuma chumvi inafika mpaka ndani ya kufuli.

Pikapu za samaki ndizo zinazotangulia. Barafu iliyochanganyika na maji ya samaki inayeyuka njiani kutoka Shimoni, Gazi na Msambweni, inateremka kwenye sakafu ya nyuma, inaingia katika matundu ya chesisi na kutulia humo wiki hadi wiki. Nimeletewa pikapu ambayo injini yake ingeweza kwenda Nairobi na kurudi, huku ekseli ya nyuma imefungiwa kwa kamba ya nailoni ili isibaki njiani.

Ukipanda Kinango, ukaendelea hadi Samburu au ukakata upande wa Mwangulu, mambo yanageuka. Kule ni kukavu. Bodi inadumu hata mjukuu wa mwenye gari akaja kuiendesha, ila vumbi linakula ringi za pistoni na mashimo yanavunja springi. Kwa hiyo mafundi wa Kwale tumeishi miaka mingi kwa kuoanisha magari ya sehemu hizi mbili: injini ya pwani inaingia katika bodi ya nyika, nayo pikapu inarudi barabarani kubeba mahindi, mbuzi na watu wa arusi. Kazi hiyo ina historia yake, ina walimu wake na ina kanuni zake. Nimeifanya Ukunda, kando ya barabara ya Lunga Lunga, tangu nilipokuwa kijana, na naandika haya kwa sababu siku hizi pikapu inapelekwa kwenye mizani kabla hajatokea mtu wa kuifungua.

Kazi nilijifunzia karakana ya kiwanda cha sukari cha Ramisi. Kiwanda kile kilianza mwaka 1927, cha pili nchini baada ya Miwani iliyoanza 1922, na kwa miaka sitini ndicho kilichokuwa shule ya ufundi ya pwani ya kusini, ingawa hakikuandikwa hivyo popote. Kulikuwa na mitambo ya kusaga miwa, boila, matrekta na matela yake, malori, na pikapu za wasimamizi wa mashamba. Kila kitu kilitengenezwa palepale, kwa sababu spea ya kuagizwa ilichukua miezi na miwa ikishakatwa haingoji. Niliingia pale mwaka 1983 kama mwanafunzi wa fundi, kazi yangu ya kwanza ikiwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa.

Fundi aliyenishika mkono alikuwa mzee wa Kidigo kutoka Kikoneni, na karakana nzima, pamoja na waliomzidi umri, ilimwita Mjomba. Yeye naye alifunzwa Mombasa na Kalasinga mmoja mwenye gereji, ambaye babu yake aliletwa na reli. Nasaba hiyo ya ufundi iko nyuma ya gereji nyingi za pwani. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikaleta mafundi wa Kipunjabi waliojua tanuri, tezo na randa, na wajukuu wao ndio waliofungua gereji ambamo vijana wetu walishika spana kwa mara ya kwanza.

Mjomba alikuwa na sharti moja. Hakuna gari la kiwanda lililotoka kwenda kuuzwa kama chuma kabla hajalifungua. Alitandika turubai chini ya mwembe, akatoa kipuri kimoja kimoja, akakipanga kwa mpangilio kilivyotoka, hedi karibu na bloki, pampu karibu na nozeli zake, kila boliti ikarudishwa kwenye tundu lake ili isipotee. Halafu alipita na chaki. Alama ya kwanza ilikuwa ya kipuri kizima, kinachoweza kufungwa kwenye gari jingine siku hiyo hiyo. Ya pili ilikuwa ya kinachoweza kuponywa: krenki ya kusagwa, bushi ya kubadilishwa, stata ya kufungwa waya upya. Ya tatu ilikuwa ya kuyeyushwa, na hapo ndipo alipokuwa bahili kuliko mtu yeyote niliyemjua. Alikuwa akituambia, "Wanangu, chuma kikishayeyuka hakikumbuki kilikuwa nini." Krenki shafti imesagwa kwa kipimo cha sehemu ya mia ya milimita. Mtu alikaa kwenye mashine akaifikisha hapo. Ukiiuza kwa kilo, kazi yote ile umeigawa bure, umelipwa uzito peke yake.

Mwaka 1988 kiwanda kikafungwa. Mashamba yakaota vichaka, na kiwanda kipya cha sukari, KISCOL, kilipokuja kusaga miwa kizazi kizima kilikuwa kimeshapita. Mafundi wa Ramisi walitawanyika. Wengine walikwenda Likoni, wengine Msambweni, wengine walivuka Horohoro wakafuata jamaa zao Tanga. Mimi na Mjomba tulikuja Ukunda, kwa sababu hoteli za Diani zilikuwa nyingi na kila hoteli ilikuwa na pikapu ya soko. Hata leo ukiingia gereji ya zamani kati ya Kombani na Lunga Lunga ukakuta vipuri vimepangwa kwenye turubai kwa mpangilio vilivyotoka, muulize mwenyewe alifunzwa na nani. Mara nyingi jina la Ramisi litatajwa kabla ya chai kuisha.

Pikapu tulizozikuta ugani miaka ile zilikuwa Peugeot zaidi ya nyingine zote. Kijana aliyezaliwa na Toyota hawezi kujua Peugeot ilivyopendwa. Mapenzi hayo yalianzia kwenye Safari Rally. Mwaka 1963 magari 84 yalianza mashindano, 7 tu yakamaliza, na la kwanza lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Gari hilo likashinda tena 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania, kisha 1968 Nowicki na Cliff wakalirudisha kileleni. Mwenye duka wa Msambweni au Kinango hakuhitaji tangazo jingine. Huko Ufaransa 404 ya kawaida iliachwa kuundwa mwaka 1975, lakini Kenya iliendelea kuunganishwa hadi 1991, na ndugu yake 504 iliendelea hapa hadi 2004. Magari mawili yaliyokwisha kuzeeka kwao yalikuwa bado mapya kwetu.

Kisha zikaja matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya mabasi, na mwaka 1984 sheria ya barabara ikazitambua rasmi. Njia za ndani huku kwetu zilichukuliwa na pikapu. Nyuma pakafungwa mabenchi mawili yanayotazamana, juu turubai au bodi ya mabati, kondakta akaning'inia nyuma. Pikapu iliyoundwa kubeba kama tani moja ikabeba watu, magunia ya korosho, madumu ya tembo na kuku, kwenye njia ya Kinango kabla haijaona lami. Hakuna gari linalovumilia hayo bila kuzaliwa upya mara kadhaa, na hapo ndipo sisi tuliposimama. Pikapu ya njia ya Kinango ilikuwa na difu kutoka gari la kwanza, gia boksi kutoka la pili na mlango kutoka la tatu, nayo ilikwenda. Kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kufanya kazi Februari 2004, na kudai mkanda kwa kila abiria na kidhibiti mwendo kwa kila matatu, pikapu za mabenchi zilikosa mahali. Zikaingia kwenye uga wetu kwa mkupuo.

Nataka kuifungua ekseli ya nyuma ya 404 hapa, kwa sababu hakuna kipuri kilichonionyesha tofauti ya kufungua na kupima kama hicho. Magari mengi yana difu ya meno ya chuma kwa chuma. 404 haikuwa hivyo. Ndani yake mna shafti iliyochongwa mzingo kama skrubu nene, na skrubu hiyo inazungusha gurudumu kubwa la shaba iliyochanganywa na bati. Chuma cha pua kinasuguana na shaba ndani ya mafuta, kimya kabisa. Ukifungua kifuniko ukalifuta gurudumu lile kwa kitambaa, linatoka na rangi ya asali. Likiwa zima, na mafuta yake yakiwa safi, litadumu kuliko gari lenyewe. Mjomba alinifundisha kulichunguza bila kipimo chochote: unashika flanji ya shafti, unaitikisa mbele na nyuma, unasikiliza uchezaji wake kwa kiganja. Halafu unachovya kidole kwenye mafuta yaliyobaki chini na kukipeleka juani. Ukiona vumbi la dhahabu, shaba inalika, gurudumu halina siku nyingi. Ukiona mafuta meusi matupu, lifunge kwenye gari jingine bila wasiwasi.

Mnunuzi wa vyuma akiiona ekseli hiyo anaona shaba. Anaipasua kwa nyundo, anatoa gurudumu, analitupa kwenye gunia la shaba pamoja na rejeta na bomba za maji, kwa maana shaba inalipa mara nyingi zaidi ya chuma. Magurudumu mengi mazima ya 404 yalikwenda hivyo. Mwenye pikapu wa Lunga Lunga aliyekuwa akitafuta difu ya 404 mwaka 1999 alizunguka hadi Mombasa akakosa, akaegesha gari lenye injini nzima, na mwishowe nalo likauzwa kwa kilo. Kipuri kimoja kikipotea vibaya kinafuatwa na gari zima.

Miaka ya 1990 ndiyo iliyobadilisha sura ya uga. Vizuizi vya kuagiza bidhaa vililegezwa, magari yaliyotumika Japani yakamiminika bandari ya Mombasa, mengine yakipitia Dubai. Toyota Hilux, Isuzu na Nissan zikachukua nafasi ya Peugeot. Mwanzoni wazee walizidharau, lakini zilikuwa na fadhila moja kubwa kwetu sisi wa kufungua: vipuri vyake vinahama. Injini za dizeli za Toyota, 2L, 3L na 5L, zinakaa ndani ya Hilux na zinakaa pia ndani ya HiAce. Pikapu ya samaki ikifa kwa chumvi, injini yake inavuka moja kwa moja kwenye matatu ya Likoni na Ukunda, na abiria hajui kwamba kinachomvuta leo jana kilivuta changu na nguru. Isuzu nazo zilikuja na 4JA1, injini ya lita 2.5 isiyo na waya wala akili za umeme za kukuchanganya. Ukiipa dizeli safi na hewa safi inafanya kazi.

Kuitoa injini kama hiyo kuna adabu yake. Kwanza mafuta yanamwagwa kwenye karai safi na kutazamwa. Yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, hedi au gasketi ina ufa. Sumaku inapitishwa chini ya karai kuona kama imekamata unga wa chuma. Boliti za pwani hazifunguki kwa nguvu, zinakatika, kwa hiyo jioni unazipaka dizeli iliyochanganywa na oili chafu, unaziacha zilale, asubuhi unazigonga taratibu kichwani kabla ya kutia spana. Pampu ya dizeli ikishatoka, kila tundu linazibwa kwa kitambaa kabla ya jambo jingine lolote, kwa kuwa mchanga wa Diani ni mweupe na mzuri kwa watalii, na punje yake moja ndani ya nozeli ni hasara. Mwisho cheni bloki inaning'inizwa kwenye tawi. Tawi liwe la mwembe. Mkorosho una kivuli kizuri lakini tawi lake si la kuamini.

Baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997 watalii waliikimbia Diani, na magari ya kutembeza wageni yakakaa hadi matairi yakapasuka kwa jua. Yalianza kuletwa kwetu moja moja. Ulikuwa wakati wa huzuni, kwa kuwa kila gari lililoingia lilikuwa na dereva aliyekosa kazi, na mara nyingi dereva ndiye aliyelileta. Nilijifunza wakati huo kumlipa mtu kwa vipuri badala ya kilo. Tunaketi, tunafungua pamoja, anaona alternata ni nzima, stata ni nzima, gia boksi ni nzima, kila kimoja na bei yake. Aliyeleta gari moja alirudi na nauli ya kuanzia maisha.

Si kila kipuri kinarudi kwenye gari, na hapa ndipo kazi yetu inapokutana na kazi iliyo kongwe kuliko mji wowote wa pwani hii. Springi za nyuma za pikapu, zile za majani, ni chuma chenye kaboni ya takriban asilimia 0.6. Chuma hicho kinakubali kupewa ukali na kuushika. Bati la bodi halikubali, ni laini. Wahunzi wetu walijua hilo kwa mkono kabla ya mtu yeyote kuwasomea namba. Mhunzi wa upande wa Mwabungo niliyekuwa nikimpelekea springi hakuchukua jani lolote bila kulidondosha juu ya fuawe yake na kusikiliza mlio. Makaa yake ni ya vifuu. Mivukuto ya ngozi ya mbuzi ameiacha, anatumia feni inayozungushwa na rimu ya baiskeli. Jani linakatwa kwa tindo likiwa jekundu, linafuliwa, linapindwa, linazamishwa kwenye oili chafu iliyotoka kwangu, kisha linarudishwa motoni kidogo ili lisivunjike kama kioo. Linatoka panga, shoka, jembe la kupalilia mihogo, na kotama ya mgema. Mgema anapanda mnazi asubuhi na jioni, anakata utepe mwembamba wa kilele ili tembo lidondoke, na kotama isiyo kali inaumiza mnazi. Wagema wanaomfahamu mhunzi yule huja wakiuliza hasa kama chuma ni cha springi ya pikapu.

Mtu akiniambia hii ni kazi ya jua kali ya juzi, namwelekeza Galu, hatua chache kusini mwa Diani. Mwanaakiolojia wetu Chapurukha Kusimba alichimba pale akakuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma ya zaidi ya miaka 1000 iliyopita. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154 katika kisiwa cha Sicily, aliandika kwamba watu wa Malindi na Mombasa walichimba chuma na kukiuza. Na kuna kubwa kuliko hayo. Mwaka 1967 Robert Soper alichapisha matokeo ya uchimbaji wake karibu na mji wa Kwale: vyungu vya watu wa mwanzo wa zama za chuma, wa karne ya 3 hivi. Tangu hapo vyungu vya namna hiyo vikipatikana popote, hata upande wa Tanzania milimani Usambara na Pare, wataalamu huviita kwa jina la Kwale. Jina letu limo katika vitabu vya dunia kwa sababu ya watu waliokuja hapa na elimu ya chuma. Shule zetu zina haja ya kulisema hilo kwa sauti, kwa kuwa mtoto wa Ukunda anayeokota boliti barabarani anadhani anafanya kazi ya aibu.

Aluminiamu nayo ina njia yake. Pistoni, kifuniko cha gia boksi na hedi zilizopasuka vinakwenda kwa wasubu, wanaoviyeyusha na kuvimimina kwenye kalibu za mchanga. Zinatoka sufuria zile nene za pilau ya arusi, zisizounguza chini. Ekseli ya nyuma iliyobaki nzima na rimu mbili inakuwa mkokoteni. Punda wanaobeba madumu ya maji huko Kinango wanavuta ekseli za Datsun na Peugeot, na beringi ikiwa na grisi ya kutosha punda mmoja anavuta mzigo ambao bila beringi ungehitaji wawili. Mvuvi mmoja wa Vanga alichukua kwangu injini ya dizeli ya 504 akaifunga ndani ya mashua. Niliitilia shaka kwa sababu ya maji ya chumvi kupita ndani ya bloki, na kweli aliilea kwa shida, lakini ilimvusha misimu ya kutosha kununua nyingine.

Betri ndiyo sehemu ninayoizungumza kwa uzito mwingine. Zamani tulivunja betri wenyewe, tukayeyusha risasi kwenye kopo na kuimimina iwe chubwi za nyavu na mishipi. Kila mvuvi alizitaka, na moshi wake tuliuvuta kama moshi wowote. Kisha tukasikia ya Owino Uhuru, kijiji kilicho ng'ambo yetu Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilipowamwagia watu risasi hewani na kwenye maji, watoto wakaugua, wengine wakafa. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo na mwanawe akapatikana na risasi mwilini, alipigana hadi kiwanda kikafungwa. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Tangu siku niliyolielewa jambo hilo, betri kwangu haivunjwi. Inakaa wima, kavu, kifuniko kikiwa juu, mpaka ichukuliwe na mwenye kibali. Kijana wangu akionekana na kopo la risasi motoni anarudi nyumbani.

Sasa nije kwenye mizani yenyewe. Wanunuzi wa vyuma wamekuwepo siku zote, lakini walikuwa wa mwisho kufika, baada yetu. Mambo yalibadilika tanuri za chuma zilipoongezeka na bei ya nondo kupanda kwa ujenzi. Kaunti yetu yenyewe ina kiwanda cha Devki pale Samburu. Chuma kuukuu kinayeyushwa, kinatoka nondo, na nondo inasimamisha nyumba, wala sipingani na nyumba. Ninachokipinga ni haraka. Lori la mnunuzi linapita kijiji hadi kijiji na mizani ya kuning'iniza na mtungi wa gesi. Mjane ana pikapu ya marehemu mumewe chini ya mkorosho, ada ya shule inadaiwa, na bei ya kilo moja ya chuma haifiki bei ya mkate. Kabla ya adhuhuri gari limekatwa vipande. Ndani ya vipande hivyo mna gia boksi ambayo peke yake ingemlipa kuliko gari zima lililopimwa.

Serikali ilitunga sheria ya vyuma chakavu mwaka 2015. Inamtaka mfanyabiashara awe na leseni na kuweka kumbukumbu za aliyemuuzia. Shabaha yake ilikuwa wizi wa nyaya, reli na vyuma vya barabara, na ni shabaha njema. Januari 2022 nguzo za umeme zilianguka, nchi ikaingia gizani, na siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara yote ya vyuma kuukuu hadi Mei. Walioumia waliumia, vijana wa kuokota vyuma kwanza kabisa. Lakini kwenye uga wangu nilishuhudia jambo. Pikapu zilizokuwa zikatwe zilibaki mahali pake, na wenye magari, kwa kukosa mizani, walianza kutuita tena tufungue. Miezi ile tulitoa vipuri vizima ambavyo kwa mwendo wa kawaida vingekuwa nondo. Marufuku ilipoondolewa malori yalirudi wiki ileile.

Pikapu zinazokuja sasa ni ngumu zaidi kuokoa. Isuzu D-Max ina nozeli zenye namba zake za siri na kompyuta inayolifahamu gari lake. Ukihamisha kipuri lazima kompyuta ya gari jipya ielezwe, na mwenye kifaa cha kuieleza yuko Mombasa na ana bei yake. Wanunuzi wa aina mpya nao wamefika, wanaotaka ule mtungi wa ekzosi wenye sega ndani, kwa ajili ya platinamu na paladiamu, na wanaukata hata kwenye gari lililoegeshwa. Sioni haya kuwa sababu ya kukata tamaa. Gia boksi bado ni gia boksi, difu bado ni difu, springi bado inatoa panga. Fundi kijana anayejua umeme wa magari atakachookoa yeye ni kingi kuliko nilichookoa mimi, mradi gari limfikie kabla ya gesi.

Ndiyo sababu nimekuwa nikienda ofisi za kaunti na ombi moja kwa vyuo vyetu vya ufundi vya Kwale. Kila chuo kipewe pikapu moja iliyokufa kila muhula, magari yaliyoegeshwa nyuma ya ofisi za serikali yanatosha kuanzia. Wanafunzi wafungue, wapange kwenye turubai, watie chaki, waandike kwenye daftari kipuri, hali yake, gari jingine kinakoingia na bei. Mapato yagharimie spana zao. Kisha ganda lililobaki, na hilo tu, lipimwe. Ombi limepokewa mara mbili kwa maneno mazuri, na mwezi huu nimeandikiwa nipeleke makadirio ya gharama ya turubai, cheni bloki na seti mbili za spana. Nimeyapeleka, pamoja na orodha ya vipuri 38 vya Hilux vinavyoingia HiAce bila kubadilishwa hata boliti, niliyoiandika kwa mkono ili mwalimu asiwe na pa kuanzia kujiuliza.